Mtoto Bado Ananyonya

Wapo wanaosema enzi za Mwingereza watu tuliongezeka kwa sababu wanawake wa Kilwa tulishikwa na wazimu wa kuzaa. Uongo mtupu! Tulizaa vilevile walivyozaa mama zetu. Kilichobadilika ni kwamba tuliacha kuzika. Ilikuja chanjo ya ndui, ikaja dispensari na dawa za homa, na watoto ambao zamani wangekufa kabla ya kutambaa wakawa wanakimbia uani, wanataka kula.

Mimi niliolewa Miteja, nikazaa wanne, wote wakabaki. Wa mwisho nusura aniue. Nilivuja damu hadi wakaanza kunisomea Yasini, nami nawasikia. Nilipopata nafuu nikajiapia: sizai tena.

Lakini nani angekubali? Kwa mama mkwe wangu, wanne walikuwa mwanzo tu. "Zaa, mwanangu," alikuwa akiniambia huku anachambua mchicha, "wengine ni wa kaburi." Nilichukia, jamani! Nibebe mimba kwa ajili ya kaburi? Mume wangu naye akaanza kutaja mke wa pili, utadhani huyo mke angekuja na shamba lake. Shamba lilikuwa lilelile aliloachiwa na babake, na midomo ilishazidi.

Dawa za kuzuia mimba hatukuzijua. Basi nikatumia sheria yao wenyewe. Kwetu, mtoto akiwa bado ananyonya, mume halali na mkewe. Wakilala pamoja mtoto hubemendwa: hudhoofika, miguu ikakataa kusimama. Hilo hakuna aliyethubutu kulichezea. Nikanyonyesha. Weee, nilinyonyesha! Mtoto akatembea, akasema, akawa anatumwa kwa jirani kuleta kaa la moto, na akirudi anapanda mapajani kudai ziwa. Wanawake wenzangu walinicheka kisimani mpaka wakashika mbavu. Wacheke! Mume wangu akikohoa mlangoni namwambia, "Mtoto bado ananyonya. Au unataka tumbemende?" Anarudi kulala barazani, anasonya.

Siku moja mama mkwe akaja na shubiri ndani ya kifuu, anipake kwenye chuchu ili mtoto aone uchungu na kuacha ziwa. Nikakaza kanga kifuani.

"Hunipaki, mama. Nikifa mimi, hawa utawalea wewe?"

"Na wakifa wao? Utabaki na nani?"

"Sijamzika hata mmoja, mama."

Kwetu watoto hawahesabiwi kwa sauti, nami nadhani hakuwahi kuwahesabu wangu hata kimoyomoyo. Akawatazama uani: wawili wanatwanga, mmoja anafukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa, na huyu mdogo amening'ang'ania kiunoni. Akaketi kizingitini, kifuu mkononi.

"Mimi," akasema, "hata siku moja sikuwahi kuwa nao wote."

Machozi yakamtoka. Nilijua amezika wanawe, nani asiyejua? Ila sikuwahi kumsikia akilitamka, na hasira yote ikaniishia. Akainuka, akamwaga shubiri nyuma ya nyumba, akamwita mwanawe.

"Mtoto bado mdogo huyu," akamwambia mbele yangu. "Usimsumbue mkeo."

Kisha akanigeukia, bado analia.

"Nyonyesha, mwanangu. Nyonyesha mpaka aote ndevu."