Kipande Chekundu cha Boksi

Aibu hii nimeibeba wiki nzima, leo naitua mbele yenu.

Tangu biashara iwe ruksa, maduka ya mjini Same yamejaa sabuni na biskuti, ila shuleni kwetu huku milimani chaki hatuna. Basi niliokota maboksi, nikayakata vipande, nikaandika irabu kwa mkaa. A niliiandika kwenye boksi la bluu, e kwenye jekundu, kila irabu na rangi yake. Baada ya mwezi, darasa la kwanza walikuwa wanasoma hata kabla sijainua kipande vizuri. Kichwa kikanivimba. Mwalimu Naelijwa, ambaye watoto wa darasa lake walikuwa wanasuasua kusoma, nilimwambia mbele ya wenzetu, "Dada, kufundisha ni kipaji."

Jumanne akaja mkaguzi. Watoto wakasoma, akawapigia makofi.

"Mwalimu, njia hii utawafundisha wenzako," akasema. Kisha akachukua mezani kipande chekundu nilichokuwa nimekikata cha akiba, akakiinua. "Na hii?"

"E!" darasa zima likaitikia kwa fahari.

Mkaguzi akakigeuza mbele na nyuma. Hakikuwa na herufi yoyote.

Mlangoni alikuwa amesimama Naelijwa. Angenicheka ingekuwa afadhali. Aliangalia chini.