Visahani vya Mwaisha

Mwaisha Hatibu anasimamisha jembe hewani na kusikiliza. Kule barabarani, upande wa Kingolwira, gari linaunguruma. Linapita. Anafuta jasho, kisha anamwambia mwandishi wa habari hizi kwamba shati jeupe si vazi la kuja nalo huku.

"Likisimama gari, wewe chuchumaa, mwanangu," anasema. "Usiulize."

Mwaisha, mwenye miaka 47, analinda msitu wa kijiji chini ya milima ya Uluguru. Humo mna mpingo, mti wa vinyago usio na haraka na mtu: anayeupalilia leo, atakayeupasua hajazaliwa. Hakuna aliyeupanda. Huchipua wenyewe kwa mbegu na mizizi, kisha moto wa kiangazi huupitia na kuurudisha ardhini.

Ndiyo maana kila nyasi zikikauka, Mwaisha hulima duara tupu kuzunguka kila chipukizi, moto ukose njia. Maduara hayo anayaita visahani. Kwa miaka kadhaa alivilima kwa fahari, na machipukizi yakamfika kifuani.

Kisha zikaja siku hizi za ruksa. Biashara ikafunguliwa, na kila mwenye lori akageuka mfanyabiashara wa magogo. Mipingo mikubwa ikaondoka kwanza. Mwaka jana, 1992, wakaja siku ya gulio, kijiji kikiwa kitupu, kutafuta iliyobaki.

"Niliikuta mingi imelala, kila mmoja kwenye kisahani chake," anasimulia. "Mpingo mchanga ndani ni mweupe, haujapata kiini cheusi. Wamekata, wametazama, wametupa. Wakahamia kisahani kingine. Nani aliwaonyesha njia? Ni mimi na jembe langu."

Tangu hapo anaogopa, wala hafichi. Asipolima, moto utakula. Akilima, panga litafuata. Jirani akiwasha kuni, moshi tu humtoa nje mbio. Mumewe, Salum, amemsihi aiache kazi hii ambayo posho yake haivuki katikati ya mwezi.

"Wale wana mapanga," Salum humwambia. "Wewe una nini?"

Mwaisha anacheka kidogo, halafu anageuka kutazama nyuma.

Mwaka huu amebuni lake. Analima visahani msitu mzima: kuzunguka vichaka vya miiba vinavyofanana na mpingo, kuzunguka visiki, hata pasipo na kitu. Vya uongo ameanzia upande wa barabara. Mgongo unamuuma, na wanakijiji wanasema mama wa watu amerukwa na akili.

"Waseme. Nataka mwizi achoke kabla hajafika," anasema. "Nikijaliwa masika matatu tu, hii iliyobaki itanipita kichwa. Hapo moto hauiwezi tena, nami nitaacha kulima. Nyasi ziifiche."

Gari linarudi. Safari hii linasimama.

Mwaisha anachuchumaa na kumvuta mwandishi kwa shati. Mlango unafungwa kwa kishindo, sauti za wanaume zinaingia nyasini.

"Waanze na vya upande ule, Mungu wangu," ananong'ona. "Vya upande ule ni vitupu."