Godoro Kutoka Whitehall

Binti yetu alipotuambia kwamba likizo yake ataitumia kupanda milima kule Nepal, kwenye vilima vya chini ya Himalaya, mke wangu alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Unakimbia nani?" alimuuliza.

"Hakuna mtu, Mama. Natembea tu."

Mke wangu akaniangalia mimi, kana kwamba ndiye niliyemfundisha mtoto ujinga huo. Sisi tumetoka nyanda za juu za Kivu ya Kusini, kule Kongo. Milima tumeitembea sana, kwa mvua na kwa njaa, watoto mgongoni, wala hakuna aliyetupiga picha. Hapa Louisville, Marekani, tulishukuru kupewa nyumba ya chini kwenye fleti za Newburg, mahali ambapo kupanda kwetu ni ngazi chache za mlangoni basi. Sasa mtoto niliyemvusha mlima akiwa amefungwa kwa kitenge anajaza mchele kwenye mkoba na kuzunguka nao maegesho ya magari, eti anazoea uzito. Majirani walidhani tunahama. Mimi nilikasirika, sitaficha. Lakini ni mtu mzima, ana kazi yake, na mtu mzima huwezi kumfungia viatu kabatini.

Akaondoka. Mwanzoni picha zilikuja kila siku: njia za mawe, mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi, nyumbu wenye kengele shingoni, wenzake wa safari wakicheka na matope hadi magotini. Mimi nilizipitia harakaharaka wakati wa mapumziko kazini, ghalani, nikizitafuta zile ambazo yeye mwenyewe yumo. Moja ilimshika mke wangu. Mwanamke mzee amebeba kikapu cha kuni mgongoni, na kamba ya kikapu imepita kwenye paji la uso, vilevile mama zetu walivyobeba. Aliikuza picha kwa vidole mpaka likabaki paji peke yake.

"Kumbe iko na watu," akasema, na usiku huo alilala vizuri.

Kisha picha zikakoma. Tukaona kwenye habari kwamba mvua imeporomosha mlima upande ule na barabara imefukiwa. Nikapiga simu kwenye ofisi iliyoandaa safari. Sauti yenye adabu ikaniambia kwamba mawasiliano yamekatika bonde zima, na kwamba ningoje. Nikauliza ningoje mpaka lini. Akasema ananielewa. Ningependa siku moja nikutane na mtu asiyenielewa lakini akanijibu.

Sisi tuna simu ya maombi. Asubuhi, kabla ya zamu ya kwanza, watu wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo wanaingia kwenye laini moja, wengine wakiwa bado kitandani, wengine tayari ndani ya gari. Asubuhi ile niliomba nafasi. Nikasema kwa maneno machache kwamba mtoto wetu yuko mlimani, mvua ni nyingi, na hatumpati kwenye simu, watuombee. Halafu mama mmoja akaanzisha wimbo polepole, na wimbo wenyewe ni ule tunaouimba makaburini.

Kwetu hakuna anayetangaza kifo kwa simu. Utaambiwa mgonjwa amezidiwa, au fulani hapatikani, ili usianguke ukiwa peke yako au ukiwa unaendesha. Ukweli unaupata ukishazungukwa na watu. Nimewahi kuambiwa hivyo mimi mwenyewe, na nimewaambia wengine hivyo mara nyingi. Asubuhi ile nilisema jambo kama lilivyo, wao wakasikia adabu ya kuficha kifo.

Kesho yake mdogo wangu akafika kutoka Whitehall, kule Columbus, na godoro limefungwa juu ya gari. Baadaye akaingia dada yangu wa Buffalo, macho mekundu kwa safari, na mifuko ya unga wa muhogo na dagaa aliyoinunua kwenye maduka ya Grant Street. Watu wa Newburg nao wakaja na kreti za soda. Viatu vikajaa mlangoni. Wanaume wakatoa makochi nje bila kuniuliza, godoro likalazwa pale yalipokuwa, ili mama wa mtoto aketi na wanawake wamzunguke, kama ilivyo msibani.

"Ndugu yangu, tuko hapa," dada akaniambia. "Usijisumbue kusema."

"Kusema nini?"

"Bon, tutaongea kiisha."

Hapo ndipo hofu iliponiingia sawasawa. Maana kwetu mwenye msiba ndiye wa mwisho kujua. Nilimvuta mdogo wangu mpaka nje, kwenye makochi yetu wenyewe yaliyokuwa yanapigwa na jua.

"Uniambie kweli. Mulisikia nini?"

"Sisi? Ni weye ulisema."

"Mimi nilisema hatumupati."

"Donc, si ni vile?" akasema, akafungua mikono yake.

Tukabaki tunaangaliana, kila mmoja akitafuta usoni mwa mwenzake kile anachofichwa. Hakuna aliyejua chochote, na hakuna aliyeamini kwamba mwenzake hajui. Nikarudi ndani, nikawaeleza wote kwamba hakuna aliyekufa, ni mtandao tu umekatika. Walitikisa vichwa kwa huruma. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kulia, na dada yangu akaja kunishika bega. Nilitaka kuwafukuza. Nilitaka pia wasiondoke.

Mke wangu hakuondoka jikoni. Mwenye msiba hapiki, kila mtu anajua hilo, kwa hiyo yeye alipika. Alipika maharage, sombe ya majani ya muhogo, ugali, akapika tena kabla sufuria ya kwanza haijaisha. Wanawake walijaribu kumnyang'anya mwiko kwa upole, akaushika kwa mikono miwili.

"Nikikaa kwa hii godoro, nitakuwa nimemuzika," akawaambia.

Basi wageni wakala chakula chake kwa aibu, na godoro likabaki tupu katikati ya sebule, watu wakilizunguka. Miguu yake ilivimba. Akichoka sana aliegemea friji akafumba macho, mwiko mkononi. Mimi nilikaa dirishani na simu. Kule kwetu mtu akichelewa mlimani, wanaume hupanda juu na kupaza sauti mpaka kilima cha pili kiitikie. Nilikuwa na simu iliyojaa chaji, na sikuwa na mahali pa kusimama.

Simu iliita asubuhi, vikombe vya chai vikioshwa. Namba sikuijua.

"Baba?"

Niliweka simu kwenye spika ili wote wasikie. Kilio kikalipuka nyumba nzima, na kwa muda sikumsikia tena mtoto mwenyewe. Aliongea Kiingereza, kwa kasi, kama anavyofanya akiwa na furaha. Wako salama. Waliingia kijiji kimoja mvua ilipozidi, wamelala kwa yule bibi wa kikapu, amejifunza kubeba kuni kwa kamba ya kichwani, shingo inamuuma kweli. Kisha akauliza, "Nani wako hapo?"

Nikatazama viatu mlangoni.

"Ni wageni," nikasema.

Mke wangu alikuwa amesogea mpaka kwenye simu. "Rudi nyumbani," akamwambia. "Rudi leo."

"Mama, barabara ya kushuka imezikwa. Tunapanda. Tutavuka juu, tutokee upande wa pili. Huko hakuna mtandao, kwa hiyo msihangaike." Halafu akasema, safari hii kwa Kiswahili chake cha utotoni, "Na hata kama ingekuwa wazi, Mama, ningepanda tu."

Mke wangu akafungua mdomo. Simu ikakatika.

Nilipiga ile namba, nikapiga tena. Mdogo wangu, ili afanye chochote, akainama akaanza kukunja godoro alirudishe garini.

"Uache," mke wangu akamwambia.

Akavua ndara zake, akakaa katikati ya godoro, akanyoosha miguu yake iliyovimba.

"Nitamungoja nikikaa," akasema.

Dada yangu akamtoa mwiko mkononi, naye akauachia.