Marahaba ya Kitanda cha Nne

Fomu ya chuo cha uuguzi ya binti yangu ilikaa kwenye mfuko wa gauni langu la kazi siku tisa. Ilihitaji sahihi ya mzazi tu. Mzazi mwenyewe ni mimi, na mimi nilikuwa sitaki. Kila akiuliza, nilimwambia kalamu imeisha wino. Siku ya nane alininunulia kalamu tatu dukani Mabatini, akazipanga mezani. Ukaidi huo sijui kautoa wapi, maana baba yake ni mtu mpole.

Sababu nilikuwa nazo. Miaka ishirini na mbili ya kugeuza wagonjwa imeniachia mgongo unaojua hali ya hewa kabla ya redio. Halafu wodini kwetu ikaletwa mashine. Mgonjwa wa moyo anabanwa kibanio kidoleni, waya unakwenda ukutani, na namba za mapigo yake zinatokea kwenye skrini iliyopo mezani kwetu manesi. Kibanio kikikosa kidole kwa sekunde chache, mashine inapiga kelele wodi nzima inaamka. Kwa hiyo mimi, niliyezoea kuzunguka kitanda kwa kitanda kila asubuhi, nikapata kiti. Tena kiti chenye egemeo! Nilikipenda kuliko ninavyowapenda baadhi ya mawifi zangu.

"Nesi wa kitandani anakwisha," nilimwambia binti nyumbani kwetu Kiseke. "Ukimaliza chuo utakuta mashine moja na mtu mmoja wa kuipangusa vumbi. Nenda kasome kompyuta."

"Mama, hiyo mashine inaogesha mgonjwa?"

Nikamwambia itafika huko, asiwe na haraka.

Siku ya tisa ndiyo ilikuwa ya mwisho kupokea fomu. Saa sita mchana binti akatokea wodini na bakuli la ugali na dagaa, na kalamu moja juu yake. Nilijua nimezingirwa. Nikaona dawa ni kumwonyesha ule ukweli kwa macho yake, nikamvuta mbele ya skrini.

"Kitanda cha nne," nikasema. "Mzee wa kutoka visiwa vya ziwani. Kaja hapa anahema kama aliyekimbizwa na fisi. Mtazame leo."

Namba zilikuwa nzuri, nzuri kuliko zangu. Ilikuwa siku ya pili sasa, kila ikifika mchana zinatulia vilevile, na mimi nilishajisifu kwa daktari kwamba safari hii dawa imempata mgonjwa.

"Mwenyewe anasemaje?" binti akauliza.

"Aseme nini? Si namba unaziona?"

"Umemsalimia?"

"Hapa ni kazini, si ukweni!"

Akaniacha na skrini yangu akaenda. Kitandani mtu alikuwa amejifunika shuka gubigubi, umebaki mkono mmoja nje, kibanio kidoleni. Binti akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kutazama dari. Hapo ningepaswa kushtuka, maana mgonjwa hatazami dari bure.

"Shikamoo, babu," akarudia.

Shuka likatikisika. Kwetu mtu mzima anaweza kukunyima shamba, akakunyima hata radhi, lakini shikamoo ya mtoto hawezi kuiacha idondoke chini. Itamkaba koo.

"Malahaba, mwanangu," likajibu shuka, kwa sauti nyembamba ya kike.

Nilifika pale bila kukumbuka mgongo. Nikafunua. Alikuwa mke wa mzee, kilemba kichwani, afya tele, anapepesa macho kama mtu aliyeamshwa kwenye ibada.

"Bibi! Unafanya nini humu?"

"Namshikia nafasi," akanijibu, kama vile tupo kwenye foleni ya maji. "Hiki kidude kikitoka kinalia, unakuja unagomba. Na mimi kidole si ninacho?"

"Na mzee yuko wapi?"

"Nyuma ya jiko, kwenye mawe. Amesema chakula chenu hakina chumvi. Anakula sato."

Chumvi ndiyo tuliyomkataza kuliko kitu chochote. Binti alitangulia kukimbia, mimi nyuma. Mzee tulimkuta juu ya jiwe, sahani ya samaki miguuni, jasho linamtoka, anahema, kale kamlima ka kurudi wodini kamemshinda. Niliogopa. Niseme ukweli, niliogopa sana, kwa sababu namba zake nzuri bado zilikuwa zinawaka mezani kwangu muda uleule. Binti alishachuchumaa, amemwegemeza kifuani pake, amemfungua vifungo vya shati, anamwambia polepole, "Vuta pumzi na mimi, babu. Tena na mimi." Hakuna aliyemfundisha. Hivyo ndivyo nilivyomshika mama yangu mwaka wake wa mwisho, na binti wakati ule alikuwa mdogo, anacheza mlangoni. Nilidhani anacheza.

Tukamrudisha na kiti cha magurudumu, akawekewa hewa. Daktari alitugombeza wote, nusura amgombeze na samaki. Ilipofika saa tisa mzee alikuwa ametulia, kidole chake mwenyewe ndani ya kibanio, na namba mbaya lakini zake.

Nikamgeukia bibi nimjie juu. Akaniwahi.

"Sista, siku mbili nimelala humu. Umekaa kule unatazama televisheni yako. Huyu mtoto kaja mara moja tu, kanikamata."

Nikachomoa fomu mfukoni, imekunjamana na ina doa la dawa ya kuchua, nikaiweka juu ya kimeza cha kitanda cha nne. Kalamu ya binti ilikuwa na wino. Nikaweka sahihi, nikampa.

"Haya, wahi kabla hawajafunga. Usije ukasema hukuambiwa habari za mgongo."

Akaipokea, akaikunja, lakini hakuondoka.

"Mama, umesahau kitu."

"Kitu gani tena?"

"Bibi hujamsalimia."

Wodi nzima ikaacha kutazama dari, ikanitazama mimi. Nikashusha pumzi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akafunga kilemba chake upya. Akakung'uta kitenge, akamtengenezea mumewe mto, akatazama dirishani. Mimi nimesimama, nasubiri, mgongo unawaka.

"Malahaba," akasema mwishowe. "Sasa kaa hapa, nikueleze mzee amelalaje."