Behewa Lililoandikwa Mama Nakuja

Ngii! Ngii! Ndivyo magurudumu yalivyoitika siku yangu ya kwanza kazini, fundi wa mabehewa alipoyagonga kwa nyundo yake ndefu. Gurudumu zima huimba, lenye ufa hukohoa. Nilisimama na daftari kifuani, nacheka peke yangu kwa raha.

Nilikuwa nimetoka Milanzi, Sumbawanga, na darasa la saba langu. Zilikuwa nyakati za ruksa, kila mtu huru kufanya biashara, wafanyabiashara wakinunua mahindi ya Ufipa na kuyashusha kwa malori hadi mwisho wa reli. Nikawa karani wa mabehewa pale: naandika namba ya kila behewa na agizo lake. Niliyapenda mahopa, yale yenye tumbo kama faneli. Mahindi humwagwa kwa juu, hutolewa kwa mlango wa chini. Ubavuni watu waliyachora kwa rangi: wachumba, majogoo, timu zao. Namba nyingi zilishababuka, basi nikayajua kwa michoro. Moja lilikuwa na ng'ombe, na chini yake MAMA NAKUJA. Nilizoea kulisalimia, "Hujafika tu?"

Wiki ya tatu fundi akaliandika kwa chaki LIPAKWE, yaani lipakwe rangi, liwekwe namba upya. Mimi daftarini nikaandika LIPAKIWE. Wapakiaji wakalijaza mahindi ya wakulima wa Kaengesa, treni ikaondoka nalo.

Siku ya nne tangu liondoke, Stesheni Masta akaniita.

"Binti, kwenu Sumbawanga kupaka na kupakia ni kitu kimoja?"

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo haitakuokoa. Behewa halina namba, stesheni ya njiapanda hawalioni, na wakulima ndio hao mlangoni. Lisipopatikana leo, kesho unapanda lori kurudi kwenu."

"Naomba simu, mzee."

Nikampigia karani wa njiapanda, nikapaza sauti kwenye simu ya reli. "Nitafutieni ng'ombe!"

"Dada, hapa reli, siyo mnadani!"

"Amechorwa! Pembe ya kushoto imepinda. Chini pameandikwa Mama Nakuja."

Akaangua kicheko. "Huyo? Si yuko hapa dirishani kwangu tangu juzi, ananitazama nikila!"

Mama mmoja wa Kaengesa alipiga kigelegele mpaka mafundi wakaacha nyundo. Stesheni Masta akafuta miwani. "Kumbe uchafu huu wa michoro nao una kazi," akasema.

Nilifanya kazi chini ya Stesheni Masta watatu, na sasa nimestaafu, nalima ulezi wangu. Nanyi vijana mnaoshika daftari, someni herufi zote, hata ile moja nyembamba. Kisha inueni macho mlitazame behewa lenyewe.

Wakati ule, lile hopa lilirudi tupu na agizo jipya: ubavu mzima upakwe. Mchana, fundi alipokwenda kula, nilichukua kopo na brashi. Nikapaka kuanzia mwisho wa behewa, nikaandika namba kubwa kwenye kona ya juu. Nilipofika kwenye ile pembe iliyopinda nikabana pumzi, nikamzunguka ng'ombe polepole, nikayaacha maneno ya Mama Nakuja bila kuyagusa.