Nani Alimshika Baba Mkono?

Siku yangu ya kwanza kazini, Biharamulo, nilivaa sare iliyopigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Nilitegemea kupewa mgonjwa. Mkuu wa kliniki ya macho, Msukuma wa Shinyanga mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alinipa kiti na kuniambia nisikilize anavyouliza.

"Vifaa utavizoea, binti," alisema. "Kuuliza ndiko kunakowashinda wengi."

Nyinyi wauguzi mnaotufuata mna mashine nzuri, na wivu ninao, sifichi. Sisi presha ya jicho tuliipima kwa kichuma kidogo, tukikiweka juu ya jicho lililotiwa ganzi. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi ugonjwa huu hauumi. Huanza kwa kufuta yaliyo pembeni mwa macho, hivyo mtu huendelea kusoma na kupalilia migomba bila kujua. Kilichopotea hakirudi, kwa hiyo ilitubidi tumkadirie mtu mapema: ana hatari kiasi gani ya kuupata? Tuliangalia umri, presha ya jicho, matone ya dukani aliyojitilia kwa miezi, maana mengine huipandisha presha hiyo, na ukoo.

Kwenye ukoo ndipo tulipokwama. Kila mtu alisema kwao hakuna kipofu.

"Kwao kipofu ni aliyezaliwa haoni," Mkuu alinieleza. "Aliyepofuka ukubwani wanasema amezeeka, basi. Wewe uliza nani alikuwa anashikwa mkono."

Swali hilo nilihama nalo kwenda Ngara, kwenye hospitali moja upande wa Rulenge. Bosi wangu mpya, Matroni, alikuwa mtawa mwembamba, mwenye haraka, na nilimpenda ingawa hakunipa nafasi ya kumwambia.

"Sista, foleni imefika jikoni na wewe unapiga hadithi za koo za watu!" alinikemea asubuhi moja.

Mbele yangu alikuwa amekaa katekista wa Nyakisasa, mtu wa makamo, aliyefuata miwani ya kusomea masomo ya Jumapili. Presha ya macho yake ilikuwa juu kidogo tu, ya kubishaniwa. Kwenu kuna mwenye shida ya macho? Hakuna. Ningeweza kumpa miwani, foleni ikasogea, na Matroni akafurahi.

"Baba yako alikuwa anakwenda kanisani na nani?" niliuliza.

"Na mimi, sista. Nilikuwa namshika mkono."

"Kwa nini?"

"Uzee tu."

"Wakati huo alikuwa na wajukuu?"

Niliona anahesabu kichwani, na uso wake ukabadilika.

"Hapana," alisema polepole. "Hata mimi nilikuwa sijaoa. Mkubwa wetu ndiyo kwanza alikuwa anatafuta mchumba."

Nilichukua kitochi cha kutazamia ndani ya jicho. Mahali mshipa ule unapoanzia pana kishimo tunachokiita kikombe, na kikipanuka ujue nyuzi za mshipa zinakufa. Cha katekista kilikuwa kimeanza kupanuka kwenye macho yote mawili. Matroni, aliyekuwa mlangoni, hakunikemea tena. Alikwenda kuwatafutia wa kwenye foleni benchi jingine.

Nilimweleza katekista kwamba ana presha ya macho, ugonjwa ambao huenda ndio uliompofusha baba yake, na kwamba matone nitakayompa ni ya maisha.

"Presha? Basi niache chumvi?"

"Hiyo ni presha ya damu, hii ni ya jicho. Chumvi kula kama kawaida. Weka dawa kila siku, hata ukiona vizuri. Na uniletee ndugu zako wote."

Aliwaleta, wakilalamika njia nzima kwamba macho yao hayana neno. Dada yake mmoja naye alikutwa na kikombe kilichopanuka.

Sasa nimestaafu, ninalima maharage hapahapa Rulenge. Jumapili moja baada ya misa nilimwona katekista kwa mbali, mvi kichwani, anakuja mkono kwa mkono na mtoto wa kike. Nilijiambia, basi, kazi yote ile bure.

"Tumsifu Yesu Kristo, sista!" aliniita kabla sijafungua mdomo, akiwa bado upande wa pili wa barabara.

"Milele na milele, amina. Hapo nani anamshika nani?"

Alicheka. "Mimi ndiye namshika. Mjukuu wangu huyu akiona mbuzi tu anatoroka."

Nililia palepale barabarani, na haya sikuona. Nilipojifuta machozi nilimuuliza kama asubuhi ile ameweka dawa.

"Nimeweka, sista," alisema. "Na chumvi nimekula."