Upande Mzima wa Ulimi

Jikoni kwa wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walimwita Mizani, maana chumvi yake haikupungua wala kuzidi. Kijiko cha kupimia hakukijua. Alichota mchuzi kwa upawa, mkono wa kulia, akadondosha tone kwenye kiganja cha kushoto, akalamba, basi.

Kisha akapasuliwa sikio la kushoto, lililomtesa tangu usichana. Sikio likapona, chakula kikaharibika. Maharage yakatoka chumvi tupu, mafundi wakasukuma sahani. Wifi yake, aliyepika naye jiko moja, hakuchelewa.

"Wifi, mizani imeota kutu?"

"Hiyo kutu ndiyo ninayoionja! Kila kitu kama nimelamba msumari."

Msimamizi hakucheka. Alisema maharage yakikataliwa tena, Mizani ataosha vyombo na upawa atashika wifi.

Kuosha vyombo! Yeye aliyeanzisha jiko lile! Akaenda kwa daktari na hasira zake zote.

"Nilikuletea sikio, umenirudishia ulimi wa mtu mwingine."

"Ulimi ni wako, mama," daktari akasema. "Chumvi ikiyeyuka kwenye mate huamsha vinundu vya ulimi, lakini habari lazima ifike kwenye ubongo. Ubongo ndio unaosema, hii chumvi. Sasa, mshipa wa fahamu unaotoka sehemu ya mbele ya ulimi hupita ndani ya sikio, nyuma tu ya ngoma yake. Wako wa kushoto umeumia. Huenda ukapona polepole, huenda usipone."

"Na wa kulia?"

"Mzima."

"Sasa ulikuwa unanitisha nini?"

Nyumbani akakoroga maji ya chumvi, akalamba kiganja mbele ya kioo. Ndipo alipoona: kiganja cha kushoto kilikuja mdomoni kwa kushoto, na ulimi ukakipokea kwa ubavu ule ule mgonjwa. Miaka yote! Akahamisha. Upawa kushoto, tone kiganja cha kulia. Alimwaga, akalowa mpaka kwenye viwiko, mumewe akauliza kama anaoga au anapika. Alirudia mpaka upande wa kulia ukamwambia chumvi bila kusitasita.

Siku ya maharage wifi alisimama karibu, mikono kiunoni. Mizani akaonja. Kushoto palisema kutu. Kulia pakasema bado. Akachota chumvi.

"Wifi, usiongeze! Yatakataliwa tena, shauri yako!"

Chumvi akaitia vile vile. Akakoroga, akaonja tena kulia, akafunika.

Mafundi wakala. Mmoja akarudi na sahani tupu kuomba nyongeza, na mwingine nyuma yake. Msimamizi alichovya mkate kwenye mchuzi, akatafuna, akatikisa kichwa kukubali.

"Chumvi imekaa."

"Najua," Mizani akasema, na kumgeukia wifi. "Haya, njoo nikuonyeshe. Siku moja na wewe utapasuliwa kitu."

Kutu haijatoka upande ule mpaka leo. Anapika nayo.